Paa la bure, kifo cha mkopo

Kijana mwenzangu unayelisoma gazeti hili kijiweni, kabla hujarukia ukurasa wa michezo, inua macho uangalie paa la jengo la zamani lililo karibu nawe. Sisemi bati linalong'aa, wala kigae chekundu. Nasema lile paa la kijivu, zito, lenye mawimbi mapana, limeota kuvu jeusi na pembeni limemeguka kama biskuti iliyolowa chai. Utaliona kwenye shule, kwenye maghala, kwenye nyumba za watumishi zilizojengwa tangu enzi ya mkoloni hadi miaka ya 1980. Watu wanaliita bati ingawa halina chuma hata chembe. Ile ni asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe, kiasi cha sehemu moja katika kumi.

Likikaa juu bila kuguswa halina ugomvi mkubwa na mtu. Ugomvi unaanza likipasuliwa, likikatwa kwa msumeno, likitwangwa. Hapo linatoa nyuzi nyembamba mno, jicho halizioni. Ukizivuta zinakwenda kukaa mapafuni, na zikishakaa hazina mpango wa kuhama.

Sasa nikuulize: majengo hayo yanapobomolewa ili ghorofa la mkubwa lisimame, nani anapanda juu na nyundo? Mkubwa? Mkandarasi? Mtoto wa mkubwa? Ni wewe, bwana! Wewe wa elfu kumi kwa siku.

Namjua kijana mmoja wa Oloipiri, kule Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Jina lake namwachia mwenyewe. Alishuka Arusha kama wanavyoshuka wenzake wengi, na shuka lake na rungu lake, akapata lindo la usiku, na mchana akawa anachukua kibarua chochote kinachojitokeza. Mwaka juzi aliitwa kwenye jengo moja la zamani lililokuwa linabomolewa. Walikuwa vijana sita. Walipewa nyundo, mtaimbo na ngazi moja. Cha kufunika pua hawakupewa. Msimamizi mwenyewe alikuwa anakaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Siku tatu walipiga nyundo, mabati yakianguka toka juu na kupasuka chini kama sahani, vumbi jeupe likiwapaka mpaka kwenye kope. Siku ya mwisho hela ikapungua. Msimamizi akashuka garini na maneno matamu: vijana, hayo mazima chukueni, ni yenu, bure kabisa. Yule wa Oloipiri akajipatia kumi na manne.

Alikuja kwangu kuulizia lori la kwenda Wasso. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota mbuzi.

"Kaka, bati hili halishiki kutu," akaniambia. "Haliungui moto. Mvua ikinyesha halipigi kelele, ndama hawashtuki."

Yote matatu ni kweli, na ndiyo maana dunia nzima iliipenda asbesto. Nikamuuliza yale yaliyopasuka yalikwenda wapi. Akacheka. "Tuliyaponda tukajazia mashimo ya ile njia ya nyuma. Sasa hivi pikipiki zinapita vizuri."

Nami sikumzuia. Nasema wazi, maana gazeti hili si mahali pa kujisafisha. Wakati ule nilijua asbesto ni mbaya kama ninavyojua sigara ni mbaya, yaani kwa mdomo tu. Nikamtafutia lori.

Usidhani hii biashara ya kumpa mnyonge taka kisha ukaita zawadi imeanzia Arusha. Nitakupeleka mbali kidogo, Marekani, kwenye mji mdogo wa Libby katika jimbo la Montana. Nakupeleka huko kwa sababu huko mambo yameshafika mwisho wake, na hesabu imeshapigwa.

Libby kulikuwa na mlima wa vamikulaiti. Ni madini ya jamii ya ulanga, ukiyachoma yanafura kama bisi, yanakuwa mepesi, yanazuia joto na baridi. Watu waliyatia kwenye dari za nyumba na kwenye udongo wa bustani. Mgodi ulianza kazi katika miaka ya 1920, kampuni ya W.R. Grace ikaununua mwaka 1963, ukafungwa 1990. Kuna wakati sehemu kubwa ya vamikulaiti yote ya dunia ilitoka kwenye mlima huo mmoja. Tatizo ni kwamba mlima ule ulizaa mapacha: ndani ya vamikulaiti yake mlikuwa na asbesto ya aina ya tremolaiti. Wachimbaji walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, wake zao wakazikung'uta na kuzifua, watoto wakawarukia baba zao mlangoni. Taka za kiwandani zikagawiwa mjini bure. Zikatandazwa kwenye njia za kukimbilia za shule. Karibu na kiwanja cha mpira palikuwa na malundo, watoto wakawa wanapanda na kuteleza kama ninyi mlivyoteleza kwenye lundo la mchanga wa jirani.

Na si Libby peke yake. Mzigo ule ulisafirishwa kwa treni hadi kwenye viwanda zaidi ya 200 vya kuuchoma na kuufunga, nchi nzima. Mjini Minneapolis, kiwanda kimoja kiliacha malundo ya mabaki nje ya uzio na kutangaza kwamba ni mawe ya bure, anayetaka achukue. Watu wa mtaa ule, wafanyakazi wa kipato cha chini, wakaja na ndoo na mikokoteni. Wakatandaza kwenye njia za magari na kwenye bustani zao. Niambie, msomaji, kuna tofauti gani na yule msimamizi wa Arusha aliyeshuka garini?

Kutupa taka ya sumu ni gharama. Lazima ulipie gari, ulipie shimo, ulipie watu wenye vifaa. Kumpa maskini ni bure, na maskini anakushukuru juu yake! Kwa hiyo neno hilo la bure ukilisikia kwenye jengo linalobomolewa, ujue kuna mtu amekwepa bili na wewe ndiye unayeibeba kichwani.

Waliofumbua macho ya Marekani hawakuwa wakubwa wa serikali. Lilikuwa gazeti, Seattle Post-Intelligencer, Novemba 1999, lilipoandika kwamba mamia ya watu wa Libby wamekufa au wanaumwa. Shirika la serikali la mazingira likafika mjini hapo haraka haraka, kama moto umewaka jana yake, wakati moshi wake ulikuwa unaonekana miaka mingi. Mwaka 2002 Libby ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Juni 2009 ikatangazwa dharura ya afya ya umma, ya kwanza ya aina yake chini ya sheria ile. Walichimba na kubadilisha udongo wa viwanja, wakasafisha dari, nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba na viwanja 2,600, na kazi ya majumbani haikufika ukingoni mpaka karibu mwaka 2018. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2001. Mwaka 2008 ikakubali kulipa dola milioni 250 za usafishaji. Wakubwa wake waliposhitakiwa kwa jinai, mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia, wakaenda zao nyumbani. Waliokufa kwa magonjwa ya asbesto mji ule wanahesabiwa kwa mamia.

Hapa nyumbani vamikulaiti ipo. Ipo Mikese, Morogoro. Ipo Kinyiki kwa jirani zetu wa Kenya, na Uganda mashariki kuna kilima cha Namekara. Sisemi vamikulaiti hiyo ina sumu, na mtu asije akaninukuu vibaya: vamikulaiti si asbesto, ya Libby iliponzwa na mwamba iliozaliwa nao. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuchimba apimwe mwamba wake kwanza, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, si kufungiwa kwenye kabati la mtu mjini. Basi. Kwetu sisi hatari iliyo karibu haimo mlimani, imo juu ya vichwa vyetu.

Wapo watakaosema, mbona babu zetu wameishi chini ya mapaa hayo na hawakufa? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonikosesha usingizi. Asbesto haiui kama ajali ya basi. Inakopesha. Unavuta vumbi una miaka 22, unaendelea na maisha, unaoa, unazaa, unacheza mpira na maveterani, kisha una miaka 50 au 60 unaanza kukosa pumzi kwenye ngazi tatu. Mara nyingi inachukua miaka 20 hadi 40, au zaidi. Mapafu yanakuwa yameota makovu. Au ni kansa ya mapafu, na kama wewe ni mvutaji wa sigara basi umeongeza petroli kwenye moto. Au ni ile kansa ya utando unaofunika mapafu, inayoitwa mesotelioma, ambayo nje ya asbesto ni nadra sana. Shirika la Afya Duniani linasema kazi za asbesto zinaua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka duniani. Na aina zote za asbesto zinaleta kansa, asikudanganye mtu kwamba nyeupe ni nzuri na bluu ndiyo mbaya.

Na si lazima uwe mchimbaji. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma huko Afrika Kusini, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya kaskazini mwa jimbo la Cape. Wengi hawakuwa wamechimba chochote. Waliishi karibu tu, walicheza tu kwenye malundo walipokuwa watoto. Mwaka 1960! Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Maarifa hayo ni makubwa kwa umri kuliko nchi yetu, na bado mwaka juzi kijana wa Oloipiri anapewa nyundo bila kitambaa cha pua.

Sisi watu wa mjini Loliondo tunaijua kwa mambo mawili. Moja ni kikombe cha Samunge cha mwaka 2011, shilingi 500, walalahoi wakipanga foleni ya siku nzima na vigogo wakishuka kwa helikopta. La pili ni ardhi, hasa tangu Juni 2022 serikali ilipokwenda kuweka mipaka kwenye zile kilometa za mraba 1,500. Sasa nataka tuijue kwa la tatu, maana mabati kumi na manne yamekwenda huko na safari hii hakuna kikombe. Ugonjwa wa mapafu wa asbesto hauna dawa ya kuuponya, Ocean Road wala Ulaya.

Sheria tunazo, na kama sheria zingekuwa ugali tungekuwa tumevimbiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Imo humo pia kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Zipo kanuni za taka hatarishi za 2021. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015. Lakini kaa chini ufikiri kama fundi. Ukiumwa mwaka 2060, utakwenda kumwonyesha nani kwamba mwaka huu ulibomoa jengo fulani? Mkataba huna. Karatasi ya mshahara huna. Mkandarasi hata jina lake hulijui, ulimjua kwa gari lake. Jengo lenyewe halipo. Fidia ya ugonjwa unaochelewa miaka 40 inataka kumbukumbu za miaka 40, na kibarua hana kumbukumbu hata ya wiki iliyopita.

Waafrika Kusini walikuwa na kumbukumbu, wakapigana. Wachimbaji na wakazi wa maeneo kama Prieska na Penge waliishitaki kampuni ya Cape huko huko London ilikoandikishwa. Kampuni ikasema kesi irudi Afrika Kusini, ikijua kule hawana hela ya mawakili. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa ujanja huo, na mwaka 2003 waliodai wakalipwa. Kidogo, lakini wakalipwa. Mwaka 2008 nchi yao ikapiga marufuku asbesto, Msumbiji ikafuata 2010.

Hata hivyo huko huko Afrika Kusini kuna somo la pili ambalo wakubwa wetu nadhani wanalijua kuliko la kwanza. Mwaka 2014 jimbo la Free State lilitoa zabuni ya rand milioni 255 ya kukagua nyumba za maskini zenye mapaa ya asbesto. Waendesha mashtaka wanasema zabuni ile ilikuwa mlo. Ace Magashule, aliyekuwa mkuu wa serikali ya jimbo, na wenzake wameshitakiwa, kesi ikaanza kusikilizwa Bloemfontein Aprili 2025, nao wamekana mashtaka. Mahakama itasema yake. Mimi nasema tu kwamba yale mapaa waliyokuwa wamelala chini yake watu wa Free State hayakuondoka kwa sababu ya hela ile. Siku serikali yetu itakapotangaza mradi mkubwa wa kuondoa asbesto, semina Dodoma, posho, magari mapya yenye vioo vyeusi, nawe upige makofi baada ya kuona paa limeshuka, si kabla.

Kuna na wenye duka. Urusi inaongoza kwa kuchimba, Kazakhstan iko nyuma yake. Nchi zinapokutana kwenye mkataba wa Rotterdam, hata pendekezo dogo la kuiweka asbesto nyeupe kwenye orodha ya bidhaa ambazo mnunuzi lazima ataarifiwe kabla mzigo haujaja limegonga mwamba tangu 2006, likagonga tena 2025, kwa sababu pale lazima wote wakubali na wauzaji hawakubali. Si marufuku hiyo, jamani. Ni kuambiwa tu! Hata kuambiwa wanatunyima.

Tunachotaka serikali ifanye si roketi. Halmashauri ziandike orodha ya majengo ya umma yenye mapaa hayo, shule moja moja, zahanati moja moja, na orodha ibandikwe ukutani. Kibali cha kubomoa kisitolewe mpaka mwenye jengo aonyeshe asbesto yake itashushwa na nani na itazikwa wapi, na shimo hilo lijulikane. Vibarua waandikwe majina na nakala ikae serikalini. Anayegawa mabati ya asbesto bure, au kuyauza kwa madalali, ashitakiwe kama anayegawa sumu ya panya kwenye mfuko wa sukari.

Lakini wewe usisubiri halmashauri, maana kesho asubuhi utaitwa. Ukikuta paa ni lile la kijivu, uliza. Ukiambiwa piga nyundo, kataa, na ukatae pamoja na wenzako, kwa sababu ukikataa peke yako watamwita mwingine wa kijiwe cha pili. Paa hilo linaloweshwa maji kwanza, linafunguliwa misumari na kushushwa zima zima, halirushwi chini. Halikatwi kwa msumeno wa umeme. Linafungwa kwenye nailoni nzito, tabaka mbili. Kitambaa cha kufunga puani ni danganya toto, nyuzi zile zinapita humo kama mbu kwenye wavu wa goli. Inatakiwa barakoa maalumu ya kuzuia vumbi laini na ovaroli ya kutupa. Vumbi lililoanguka halifagiwi likiwa kavu. Na nguo zile usiende nazo nyumbani. Kumbuka wake wa Libby waliofua. Najua utaniambia, kaka, nikikataa leo sitakula. Sina jibu rahisi la hapo, na asiyejua njaa asijifanye analo. Ila andika basi: tarehe, mtaa, namba ya gari la msimamizi, majina ya mliokuwa pamoja. Weka kwenye simu, mtumie na dada yako. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo mfuko wa fidia utaitafuta siku moja.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule kijana. Yuko nyumbani Oloipiri, mvua zimenyesha, ng'ombe wana majani. Nikamweleza yote niliyokueleza hapa. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema mabati nane yako juu ya banda la ndama, manne juu ya jiko la mama yake. Mawili yalipasuka njiani kwenye lori, watoto wameyafanya ubao wa kuchorea, wanasugua kwa mawe.

Nikamwambia awanyang'anye watoto hayo mawili leo hii, ayaloweshe, ayafunge kwenye nailoni na kuyaweka mbali. Yaliyo juu asiyaguse, asiyatoboe, asiyapande, asubiri watu wenye vifaa waje kuyashusha.

"Nisubiri nani, kaka?" akaniuliza.

Nimepiga simu tatu katika ofisi mbili za serikali kutafuta jina la kumpa. Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni bado natafuta.